Timu Mbili, Jezi Moja? Mwongozo wa Michezo ya Wasichana kwa Shule za Rumonge na Mwambao wa Tanganyika

Kanuni ya tatu ya mpira wa miguu haina huruma. Timu isiyofikisha wachezaji saba haianzi mchezo, na ikibakiwa na sita uwanjani, mwamuzi anafunga shughuli hata kama jasho halijatoka. Voliboli haina mjadala kabisa: sita au mrudi nyumbani. Mpira wa kikapu unatoa dakika 15 za kusubiri, na watano wasipotimia, ushindi unakwenda upande wa pili. Mpira wa mikono una moyo kidogo, maana kikosi ni saba lakini watano wanatosha kuanza.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayozitesa timu za wasichana katika shule za mwambao wa Burundi, kuanzia Kabezi na Gitaza upande wa kaskazini, kupita Magara na Minago, hadi Rumonge mjini, Kigwena na Nyanza-Lac. Mwanzo wa mwaka wa shule daftari la mwalimu wa michezo hujaa majina. Miezi mitano baadaye, wanaofika uwanjani wanahesabika kwa vidole. Sababu zake kila mtu wa pwani ya ziwa anazijua. Wa darasa la tisa wanabanwa na mtihani wa kitaifa, na wa mwaka wa mwisho wa lise wanabanwa na mtihani wa dola. Wengine mchana wana kazi: kuanika ndagala, kuchambua chikichi, kulea wadogo wakati mama yuko sokoni. Wapo waliohama na familia zao baada ya maji ya ziwa kupanda na kuingia majumbani. Wapo pia waliopata mimba, na jambo hilo halisemwi kwa sauti kwenye kikao cha wazazi.

Hapo ndipo wazo linapozaliwa. Shule ya jirani nayo inalia kilio hicho hicho, kwa nini tusiunganishe? Swali hili si geni duniani, na si la mchezo mmoja. Linaulizwa kwenye hoki ya wasichana Marekani, linaulizwa kwenye shule ndogo za Kenya, na linaweza kuulizwa kesho kwenye uwanja wa mchanga wa Rumonge. Mwongozo huu unamlenga mwalimu wa michezo, mkurugenzi wa shule, mzazi aliyemo kwenye kamati, na nahodha mwenyewe, ambaye kwa kawaida ndiye wa mwisho kuulizwa.

Jibu fupi ni hili: ungana unapokosa watu, usiungane kwa sababu umekosa ushindi. Timu iliyofungwa nane bila ikiwa na wachezaji kumi na tano ina tatizo la mazoezi. Timu iliyokwenda uwanjani na wasichana sita ina tatizo la kuwepo. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na mseto, yaani timu moja ya shule mbili, uliofanywa kwa ajili ya kombe huishia kuwatoa uwanjani wasichana wale wale uliotakiwa kuwaokoa.

Fungua daftari kabla ya kufungua mdomo

Usihesabu majina, hesabu miguu iliyokuja. Chukua daftari la mahudhurio la wiki nne zilizopita na uweke alama mbele ya kila msichana aliyefika angalau mara tatu kati ya kila mazoezi manne. Kisha toa wale ambao mtihani utawachukua muhula wa tatu. Toa na wale ambao baba au kaka ameshasema hapana, hata kama wenyewe bado wanakuja kwa kujificha, kwa sababu siku ya safari hawatakuwepo. Idadi inayobaki ndiyo timu yako. Mara nyingi inauma kuitazama.

Sasa fanya hesabu na jirani. Mpira wa miguu unataka kumi na mmoja uwanjani na angalau watano benchi, na kwa kuwa siku yoyote wawili au watatu watakosa, orodha salama ni ya watu 18 hadi 20. Shule yako ina 9, ya jirani ina 10: jumla 19. Hapo mseto ni halali kabisa, maana hakuna anayeachwa na wote wanapata mchezo ambao peke yao wasingeupata. Lakini ikiwa una 15 na mwenzako ana 14, mkiungana mnakuwa 29, na wasichana karibu kumi watakuwa wabeba maji. Wiki ya tatu hawatakuja. Mtakuwa mmegeuza timu mbili dhaifu kuwa timu moja ya wastani, na wachezaji mmepoteza theluthi moja. Kwa mtu anayejali idadi ya wasichana wanaocheza, hiyo ni hasara, hata kombe likija.

Kati ya mifano hiyo miwili kuna eneo la mashaka, la shule moja yenye 13 na nyingine yenye 8. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu shule yenye 13 inaweza kusimama yenyewe kwa shida na ile ya 8 haiwezi. Kinachofanyika mara nyingi ni kwamba kubwa inameza ndogo, inachukua mabeki wake wawili wazuri, na sita waliobaki wanarudi darasani kimya kimya. Kama uko upande wa wanane, usikubali kabla hujaona maandishi yanayowataja wote wanane.

Badilisha mchezo kabla ya kubadilisha timu

Wengi hawafikirii kwamba wasichana tisa wasiotosha kwa mpira wa miguu wanatosha kabisa kwa mpira wa mikono, na wawili wanabaki benchi. Sita wanatosha kwa mpira wa kikapu na mmoja wa akiba. Wanne wanatosha kwa kikapu cha watatu kwa watatu, mchezo unaotumia goli moja na nusu ya uwanja, unaokwisha kwa dakika kumi au timu inapofikisha pointi 21. Mchezo huo umekuwamo kwenye Olimpiki tangu ile ya Tokyo. Shule yenye ubao mmoja uliobaki baada ya mwingine kuanguka haina haja ya kusubiri mfadhili.

Hata mpira wa magongo, unaochezwa na watu kumi na mmoja kila upande na unaohitaji uwanja wa gharama, umekubali kupunguzwa. Shirikisho la kimataifa lilianzisha hoki ya watano kwa watano, inayochezwa kwenye uwanja mdogo usiozidi mita 55 kwa 42, na Januari 2024 Kombe la Dunia la mchezo huo lilifanyika Muscat, Oman. Upande wa wanawake Uholanzi waliifunga India 7–2 kwenye fainali, na Afrika Kusini walifika nusu fainali. Kama nchi zenye mamia ya klabu zimeona hakuna aibu kucheza watano, sembuse shule ya kando ya ziwa yenye uwanja uliomegwa na maji.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kubisha hodi kwa jirani, jaribu muhula mmoja wa michezo midogo. Alika shule tatu au nne za karibu, weka mechi za saba kwa saba Jumamosi asubuhi, gawa uwanja mmoja wa mpira katika viwili, tumia mawe au fimbo kama magoli. Kila shule inabaki na jina lake, na kila msichana anagusa mpira mara nyingi zaidi kuliko akiwa winga wa kumi na moja anayeusubiri kutoka mbali. Wako walimu wanaoona kwamba saba kwa saba si mpira halisi. Waacheni waone hivyo, lakini waonyesheni daftari la mahudhurio mwisho wa muhula.

Mifano mitatu ya kujifunzia

Jimbo la Minnesota, Marekani, ndilo lililokuwa la kwanza nchini humo kuitambua rasmi hoki ya barafu ya wasichana kama mchezo wa shule za sekondari, mwaka 1994. Shule ndogo za vijijini huko hazina wasichana wa kutosha, kwa hiyo sheria inaruhusu shule mbili, tatu au zaidi kuunda timu moja ya ushirika. Jina la timu huwa refu kama treni, kwa sababu kila shule inataka lake litajwe. Linalofaa kuigwa huko ni utaratibu wenyewe: mseto hauundwi na makocha wawili waliokutana kwenye chai. Unapitishwa na bodi za shule zote na chama cha michezo cha jimbo, na unajulikana na wapinzani wote kabla msimu haujaanza. Hakuna anayeamka siku ya nusu fainali na kuuliza yule mchezaji anasoma wapi.

Kenya imechagua njia nyingine. Mashindano ya shule za sekondari huko, yakiwemo ya mpira wa magongo ambako majina kama Sinyolo Girls ya Kisumu na Tigoi Girls ya Vihiga yanajulikana kwa kila mpenzi wa mchezo huo, huchezwa na shule zenyewe kutoka kaunti ndogo hadi taifa. Jezi ni ya shule, usajili ni wa shule. Utaratibu huo umejenga fahari kubwa na ushindani mkali. Lakini pia umefanya shule chache zitawale miaka nenda miaka rudi, na umezaa tabia ya kuvuta wachezaji wazuri kutoka shule ndogo kwa ahadi ya karo. Shule ndogo haiunganishwi na yeyote, inafifia tu.

Tanzania, jirani kwenye mwambao huo huo wa ziwa, ina njia ya tatu, na kwa watu wa Rumonge hii ndiyo inayofaa kutazamwa kwa karibu. Katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, shule zinacheza zenyewe ngazi za chini, kisha wachezaji bora wanateuliwa kutoka shule mbalimbali na kuunda timu ya wilaya na baadaye ya mkoa. Taifa linapokutana, kama ilivyokuwa Tabora mwaka 2022, wanaopambana ni mikoa. Msichana wa shule yenye wachezaji wanane kutoka kijiji cha Kigoma anaweza kufika huko bila shule yake kufutwa kwenye ramani ya michezo. Mseto upo, lakini uko juu. Chini, kila shule inaendelea na kikosi chake.

Kwa mwambao wa Burundi, mwongozo huu unaegemea njia hiyo ya tatu pale inapowezekana: shule zibaki na timu zao ndogo kwa mechi za ujirani, na mseto uundwe kwa mashindano yanayotaka kikosi kamili. Mseto wa moja kwa moja, wa mwaka mzima, uwe kwa shule ambazo hesabu ya daftari imezihukumu.

Nani wa kuulizwa, na kwa barua ipi

Kosa la haraka ni kuanza mazoezi ya pamoja na kuomba ruhusa baadaye. Mashindano ya shule yanaendeshwa kwa orodha za usajili, na mchezaji aliyeorodheshwa shule moja akionekana na jezi ya nyingine, rufaa moja ya mpinzani inatosha kufuta ushindi wote. Andika barua kwa mkurugenzi wa elimu wa komini kabla ya usajili kufungwa, uulize mambo mawili tu: je, timu ya shule mbili inakubaliwa, na ikishinda inaruhusiwa kupanda ngazi ya mkoa na taifa? Omba jibu la maandishi. Mashindano ya shule za Afrika Mashariki hualika shule zilizofuzu kutoka nchi zao, kwa hiyo mseto unaweza kupata ushindi ambao hauna pa kwenda. Wasichana waambiwe hilo mapema, si baada ya kupigania ushindi miezi mitatu.

Hakikisha pia barua inakwenda ofisi sahihi. Mageuzi ya mwaka 2025 yalipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42. Mkoa wa Rumonge, uliozaliwa mwaka 2015, haupo tena. Rumonge mjini sasa iko mkoa wa Burunga pamoja na Nyanza-Lac, wakati Kabezi iko mkoa wa Bujumbura. Shule mbili zilizokuwa komini tofauti zinaweza kujikuta chini ya ofisi moja, jambo linalorahisisha kazi. Shule nyingine mbili zinazotazamana kando ya barabara hiyo hiyo zinaweza kuwa na wakuu wawili wa mikoa miwili, na hapo mseto utakuwa safari ya makaratasi. Uliza kabla ya kuota.

Barabara, saa na mwezi

Mseto mwingi hauvunjwi na ugomvi. Unavunjwa na nauli.

Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita zipatazo 75 kwa barabara ya RN3, inayofuata ziwa karibu njia nzima. Kipande cha Gitaza hadi Rumonge peke yake ni kilomita 45. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umefanya kiti kwenye teksi ya Probox kuwa bidhaa ya kugombewa, na pikipiki inayobeba wasichana wawili saa za jioni si jambo la mzazi kulala usingizi. Kwa hiyo weka kanuni ngumu: kama msichana hawezi kufika mazoezini kwa miguu au kwa baiskeli na kurudi nyumbani kabla ya giza, shule hizo mbili ziko mbali mno kwa mseto wa kila wiki. Huku jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, halina msimu wa kuchelewa. Mazoezi yaishe saa kumi na moja.

Shule zilizo mbali zaidi ya hapo zinaweza kuungana kwa njia nyepesi: kila moja inafanya mazoezi kwake siku mbili za wiki kwa programu ile ile, na zinakutana Jumamosi, zamu kwa zamu, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Zamu ni muhimu. Shule ambayo kila Jumamosi inasafiri na haipokei wageni itachoka, na wazazi wake wataanza kuuliza pesa za nani zinatumika.

Kuna saa ya darasani pia. Shule nyingi za msingi za miaka tisa zinafundisha kwa zamu, baadhi ya wanafunzi asubuhi na wengine mchana. Ikiwa wachezaji wako wako zamu ya mchana na wa jirani asubuhi, hamna saa hata moja ya pamoja kati ya Jumatatu na Ijumaa. Weka ratiba mbili za masomo mezani, ubavu kwa ubavu, uone nafasi iliyo wazi. Isipokuwepo, mazungumzo yaishie hapo.

Na kuna mwezi wa angani, ambao wageni husahau. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka. Siku za karibu na mwezi mpevu wavuvi hupumzika, na kazi ya kuanika pwani hupungua. Siku za giza mitumbwi inapoingia alfajiri imejaa, mikono yote ya nyumbani inahitajika, na msichana anayekosa mazoezi siku hizo hajakosa nidhamu. Mwalimu anayepanga mechi za kirafiki na mazoezi mazito karibu na mwezi mpevu ataona tofauti kwenye daftari lake bila kumgombeza mtu. Mwezi wa Ramadhani nao uingizwe kwenye kalenda mapema, hasa timu ikiwa na wachezaji kutoka mitaa ya Waislamu wa Rumonge mjini. Mazoezi mepesi, au ya asubuhi ya Jumamosi, yatawabakisha.

Mavazi, choo na lugha

Kitambaa cha kichwani kisiwe kisingizio cha kumwacha mtu. Bodi ya kanuni za mpira wa miguu ilikiruhusu rasmi mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu duniani likafuata mwaka 2017. Mikono mirefu na suruali ya kubana chini ya bukta vinakubalika pia, mradi rangi zifuate utaratibu wa mashindano. Shule mbili zenye desturi tofauti zikiungana, andikeni kwamba kila msichana atavaa kama alivyovaa shuleni kwake. Jezi nazo: seti mpya ni gharama, kwa hiyo mechi za nyumbani vaeni za mwenyeji, na atakayekopeshwa aifue mwenyewe na kuirudisha.

Tazama choo cha shule itakayopokea mazoezi. Kina mlango unaofungwa? Kuna maji karibu? Msichana aliye kwenye siku zake atavumilia choo kibovu cha shule yake anachokijua, lakini hatakwenda kubahatisha shule ya wengine. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na taulo za kike pamoja na bandeji. Na safarini awepo mwalimu wa kike au mama kutoka kamati ya wazazi, mwenye namba za simu za wazazi wote kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji.

Lugha inaonekana jambo dogo mpaka kipa apige kelele na beki asielewe. Rumonge ni mji wa watu waliokwenda na kurudi. Familia zilizokimbia machafuko ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza 1993 zilirudi na watoto waliokulia Kigoma, baadhi yao kwenye kambi za wakimbizi, wenye Kiswahili cha haraka na Kirundi cha kusuasua. Shule ya mlimani italeta wasichana wenye hali iliyo kinyume. Mwalimu achague maneno kumi ya uwanjani, ya kuita mpira, kuonya, kusimama na kurudi nyuma, na timu nzima iyatumie hayo hayo. Wiki mbili zinatosha.

Mkataba wa ukurasa mmoja

Umoja ni nguvu, atasema mzee mmoja kwenye kikao, na wote watapiga makofi. Baada ya makofi, toa karatasi. Mseto uliopangwa katikati ya msimu baada ya kipigo cha aibu ni ndoa ya mkeka, na huvunjika kwa fedheha ile ile.

Karatasi hiyo haihitaji mwanasheria. Itaje wachezaji wote kwa majina na shule zao. Iseme mipira, nyavu na filimbi ni mali ya nani, na nani anafidia vikipotea. Iseme nauli inagawanywaje, kwa nusu kwa nusu au kwa idadi ya wachezaji, na fedha zikishindikana mechi ipi inaachwa. Iweke walimu wawili, mmoja kutoka kila shule, na orodha ya kikosi isainiwe na wote wawili kabla ya kila mechi. Hili la mwisho linapuuzwa sana. Mwalimu akibaki peke yake na timu ya shule mbili, hata akiwa mwadilifu kama malaika, kila msichana wa shule ya pili anayekaa benchi atakuwa na mzazi mwenye maelezo. Kwa mwezi wa kwanza mnaweza kukubaliana kwamba idadi fulani ya wanaoanza mchezo itoke shule ndogo. Baadaye uwezo utaamua.

Manahodha wawe wawili. Jina la timu litokane na mahali, zoni au mlima unaozijumuisha shule zote, na majina ya shule yaandikwe chini yake kwenye orodha rasmi. Msiwe na haraka ya jina zuri. Kuweni na haraka ya jina ambalo hakuna atakayeona haya kulivaa.

Halafu sehemu ambayo wengi huiruka: mwisho. Mkataba uwe wa mwaka mmoja wa shule, uishe wenyewe, na useme wazi ni idadi gani ya wachezaji inayorudisha shule kwenye timu yake. Kwa mpira wa miguu, shule ikifikisha wasichana 14 wa kudumu kwa muhula mzima, ina haki ya kujitoa mwaka unaofuata bila kuitwa msaliti. Bila kipengele hiki mseto unakuwa wa milele kwa mazoea. Wasichana wa darasa la saba na la nane wanatazama kikosi kilichojaa dada zao wakubwa wa shule mbili, hawaoni nafasi, wanaacha kujiandikisha, na baada ya miaka miwili mseto nao unakosa watu. Ndiyo maana timu ya chini ya wadogo, hata ya watano kwa watano, iendelee kila shule kivyake wakati wakubwa wameungana.

Juu ya ngazi hii kuna njia inayokwenda mbali. Timu ya taifa ya wanawake ya Burundi ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza Morocco mwaka 2022. Ilipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Afrika Kusini, Nigeria na Botswana, lakini ilifunga mabao matatu na kuonekana. Na aliyekuwa rais wa shirikisho la mpira la nchi hii kuanzia 2004 hadi 2013, Lydia Nsekera, ndiye mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye kamati kuu ya FIFA, mwaka 2013. Kwa hiyo mzazi akiuliza mpira utampeleka wapi binti yake, jibu lipo, na halihitaji kutiwa chumvi.

Mwalimu, kikao na shule jirani kifanyike Septemba, wiki mbili za kwanza baada ya kufungua, wakati orodha bado ni ya penseli. Kabla ya kikao hicho wakusanye wasichana peke yao, bila mkurugenzi, na uwaulize swali moja kwa kura ya siri: unataka kucheza na wale, au unataka kucheza sisi wenyewe tukiwa wachache? Wakikataa kwa wingi, usiwalazimishe kwa hesabu yoyote. Tafuteni mpira wa mikono.